Ndani ya Mashua Hakuna Mkwe

Kwamndolwa, Korogwe
3 Machi 1974

Mdogo wangu Mwaija,

Barua yako imefika kwa mkono wa kondakta wa basi la Handeni, pamoja na mfuko wa choroko ambao nadhani nusu yake aliila yeye, kwa sababu ulikuwa umefungwa kwa fundo nisilolijua, na mimi mafundo nayajua. Hapa tu wazima. Wifi yako Mwanaidi aliumwa jino, nikamwambia nimng'oe kwa koleo langu la kazi, akanitukana mpaka jino likapoa lenyewe. Muhogo umeshika vizuri. Wewe na hiyo mimba mnaendeleaje? Usibebe maji. Mama mfikishie shikamoo yangu, na shemeji Rehani mpe mkono.

Umeniandikia kwamba operesheni ya vijiji itafika kwenu mwezi huu, kwamba Mama amekataa katakata kwenda kijiji kipya, na kwamba mumeo Rehani atamleta kwangu. Mmefanya vema. Daraja liko mbali, magari yameshikwa na operesheni, na basi la Handeni mgambo wanalipekua, kwa hiyo watavuka kwa mashua yangu. Wewe utabaki Handeni mjini kwa shangazi mpaka ujifungue. Mama hajui kusoma, na Rehani anajua kusoma jina lake tu, kwa hiyo barua hii utawasomea wewe. Wasomee yote.

Mashua yangu si mtumbwi. Ina mbavu, na ina mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa unaoshika kila kitu. Mbele panaitwa omo. Nyuma panaitwa tezi, ndipo ninapokaa mimi na usukani. Nikisema kulia, ni kulia kwa mtu anayetazama omo, hata kama wewe umekaa umenigeuzia uso. Miaka tisa nilifanya kazi kwenye matishari ya kupakulia meli kule Tanga, na sasa nabeba watu wanaoita omo "kichwani" na tezi "mkiani" utadhani wamepanda ng'ombe. Ubavuni nimepiga mstari mweupe wa rangi. Maji yakiufikia, abiria wametosha, hata aje mkubwa wa nani. Inachukua watu kumi na wawili, au kumi na mmoja akiwamo wifi yako (hilo usimwambie).

Kila mtu aje na kibuyu kikavu kilichozibwa mdomo kwa nta, akifunge kifuani. Kibuyu humfanya mtu aelee hata kama hajui kuogelea. Wakati wa kupanda, mguu ukanyage katikati, si ukingoni. Wakae chini. Mikono ibaki ndani. Mtu yeyote asisimame mpaka niseme tumefika. Wiki iliyopita Yordani, muuza samaki, alisimama mtumbwini kuvuta wavu, mtumbwi ukamtupa, mamba akamshika paja. Tulimpiga yule mnyama kwa makasia mpaka kasia moja likavunjika, na tulichomnyang'anya tulikizika kwenye gunia.

Kuna jambo la mwisho, na najua litakutia aibu. Nimepanga Mama avuke safari ya kwanza na wanawake, Rehani ya pili na mizigo. Lakini mtoni mipango huvurugika. Kwa hiyo mwambie Rehani kwa mdomo wako: ndani ya mashua hakuna mkwe. Kwetu mwanamume akikutana na mkwewe njiani huingia majanini, na wakikutana mahali pamoja husimama na kumgeuzia mgongo. Ni heshima, sikatai. Mtoni ni kifo. Akae alipokalishwa, hata kama magoti yake yanagusana na ya Mama. Akiona haya, afumbe macho akae.

Kaka yako,
Mbwana


Handeni
21 Machi 1974

Kaka Mbwana, shikamoo.

Choroko ulizopewa ni zote, mfuko niliufunga mimi, na hilo fundo ni la kwangu. Shangazi anakusalimu, kifua kinambana. Mimi miguu imevimba, lakini mtoto anapiga mateke, kwa hiyo yuko. Wifi mpe pole ya jino na pole ya kuolewa na wewe.

Nyumba ya Mama haipo. Mgambo walifika tarehe kumi na saba, saa sita mchana, wakiongozwa na Habakuki, yule aliyekuwa akichoma mkaa kule bondeni kwetu na kuomba maji ya kunywa kwa Mama. Waliwataka watu watoke na vyombo vyao. Mama alikaa ndani juu ya kinu akasema hatoki. Wakatia moto kwenye makuti, yeye yumo. Nilikuwa nimekwenda kumuaga, nimesimama uani na tumbo langu napiga kelele. Jirani yetu Matayo alipojaribu kufungua mlango walimpiga fimbo mpaka mkono ukavunjika, mfupa nimeuona kwa macho yangu.

Aliyemtoa ni Rehani. Aliingia na mkeka, akamviringisha Mama ndani yake asimguse hata kidole, akambeba begani kama mzigo, nywele zake mwenyewe zikiungua. Alipomweka chini alimgeuzia mgongo papo hapo, huku sikio linamvuja damu, maana Habakuki alikuwa amempiga fimbo mlangoni. Mama bado anakohoa moshi, lakini kila anayekuja kumpa pole anamwambia, "Mkwe wangu ana adabu hata motoni." Kijiji kizima kinamsifu. Mimi natamani kumng'ata Habakuki koo.

Sasa wote wako hapa kwa shangazi. Barua yako nimewasomea yote, Mama ndani nyuma ya mlango, Rehani nje kibarazani. Mama amecheka sana. Kila apitaye, Mama anamwuliza, "Umetazama omo?" Kibuyu chake kimeungua na nyumba, shangazi atamtafutia kingine. Watakuwa mtoni Jumamosi tarehe sita Aprili. Mpokee vizuri, Kaka. Mama ndiye huyo mmoja tu tuliyebaki naye.

Mdogo wako,
Mwaija


Kwamndolwa
12 Aprili 1974

Mwaija,

Keti kwanza. Kama shangazi yuko karibu, mwite akae nawe.

Mama hatunaye. Mashua ilipinduka Jumamosi, katikati ya mto. Maji ni mengi mwaka huu. Wamekufa watu kumi na mmoja. Mama tulimpata Jumatatu kwenye matete, tukamzika siku ile ile hapa Kwamndolwa, karibu na muhogo, mahali pakavu. Mwanaidi na wanawake wa hapa ndio waliomwosha, na Mwanaidi hajala tangu siku hiyo. Aliyoyaona sitayaandika.

Rehani ni mzima. Barua hii anakuletea yeye, na mengine atakueleza yeye mwenyewe. Usiniulize zaidi.

Kaka yako


Handeni
5 Mei 1974

Kaka,

Shikamoo nakupa kwa kuwa Mama alinifundisha, si kwa kuwa naitaka.

Nimejifungua tarehe ishirini na nane, msichana, nimemwita Fatu, jina la Mama. Ananyonya vizuri. Shangazi hajambo kidogo. Hizo ndizo habari za nyumbani, zimekwisha.

Unaniandikia mistari kumi kuhusu Mama yangu! Kuhusu omo na tezi na mkuku uliandika kurasa. Unasema Rehani atanieleza. Rehani hasemi kitu. Alinipa karatasi yako, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na huko ndiko anakokaa mpaka leo. Nikimwuliza ananiambia, "Muulize kaka yako ule mstari wake mweupe." Juzi nilimwuliza mara ya tatu, mtoto yuko mgongoni, akanipiga kofi nikaangukia mafiga. Rehani hajawahi kunipiga. Kisha akalia kuliko mimi. Tangu jana ananoa panga, na shamba hatuna.

Watu waliotoka huko wanasema uliwajaza ishirini na zaidi. Wanasema watu walipokuwa majini wameshika mashua wewe uliwapiga mikono kwa kasia waachie. Kweli? Mama alikuwa mmoja wao? Ulimpiga Mama mikono? Miaka tisa ya Tanga unatutambia, sheria unazo, mstari unao, halafu mwenye mashua anatoka mzima na Mama anatoka kwenye matete siku ya tatu. Nieleze, Mbwana. Usiponieleza sina kaka.

Mwaija


Kwamndolwa
24 Mei 1974

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa ndani kwa polisi siku kumi na tisa, kisha wakaniachia niende nyumbani mpaka watakaponiita. Fatu mdogo nimemfurahia sana. Mwanaidi ameshona kofia yake kwa kitambaa cha gauni lake la Idi, itafika na kondakta kama hataivaa yeye.

Nakujibu. Nilimpanga Mama safari ya kwanza kama nilivyoahidi. Habakuki akatokea na mgambo sita, akiwaswaga watu waliotoroka vijiji, akataka ukingo uwe mtupu kabla ya adhuhuri. Akawasukuma wote kwa mara moja, ishirini na watatu na mbuzi wanne. Nikamwambia mstari umezama. Akanipiga taya kwa kitako cha bunduki, meno mawili nikayatema majini. Akaniuliza, "Sasa unauona mstari wako?" Nikasema siuoni. Nikang'oa nanga.

Hilo ndilo kosa langu, na nalibeba. Ningeweza kuutupa usukani mtoni. Angeniua, labda, au angenivunja miguu, lakini mashua isingeondoka.

Katikati ya mto ililala kushoto. Mashua hailali bila sababu, hata ikijaa, na sababu yake naijua. Hiyo nitabaki nayo mwenyewe. Maji yaliingia mara moja, ikageuka, mkuku ukawa juu. Watu wote walioibukia walishika upande mmoja, wakawa wanaivuta iwageukie tena vichwani. Nikapanda juu ya mkuku na kasia. Ndiyo, niliwapiga mikono. Niliwapiga ili waachie wahamie upande wa pili, na waliohamia ndio walio hai. Mmoja aling'ang'ania nikamvunja vidole, yuko hai leo na hataki kuniona. Waliokuwa ukingoni waliona ninaua. Mamba wawili walikuwa wamekwisha kuingia majini na watu walikuwa wanavutwa chini huku wananiita jina. Mama sikumpiga. Hakuwa na kibuyu. Niliishika kanga yake nikavuta, ikaja kanga peke yake.

Wafiwa walinisubiri. Walinifunga kwa kamba yangu ya nanga wakaniburuta mpaka maji yakanifika shingoni, wakaniambia ningoje mamba. Mwanaidi alikuja na mchi. Alimvunja mmoja bega na mwingine hajui bado alichovunjwa, akanivuta kwa ile kamba mpaka nchi kavu. Nasikia Habakuki amepelekwa kazi nyingine mbali.

Mwambie Rehani sina neno naye. Mwambie hivyo hivyo: Mbwana hana neno nawe. Aje tule pamoja.

Kaka yako


Handeni
10 Juni 1974

Kaka, shikamoo. Mtoto mzima.

Rehani ametoka jana alfajiri na panga ndani ya gunia. Nilimpa ujumbe wako kama ulivyosema, kwamba huna neno naye, akabadilika uso kama mtu niliyemtemea mate. Sijui kwa nini. Nimempa kondakta barua hii na kumwapisha kwa jina la Mungu aifikishe leo hii.

Kimbia. Nenda Mashewa kwa ndugu za wifi. Nilisema sina kaka. Ninaye. Kimbia.

Mwaija


Kwamndolwa
27 Juni 1974

Mwaija,

Kondakta amekuja na barua yako siku nne baada ya Rehani. Anasema basi lilikatika springi. Naandika polepole, karatasi nimeiwekea jiwe, kwa sababu mkono wa kushoto hauwezi kuishika. Vidole viwili vimekwenda, cha mwisho na cha pete. Mwanaidi anakusalimu. Anasema sasa nitakuwa na kisingizio cha kutopukuchua mahindi.

Alinikuta saa tisa alasiri. Mashua ilikwama kule chini ya mto tukaivuta nje, sasa iko nchi kavu kifudifudi, nami nilikuwa naipiga kalafati, kuziba nafasi za mbao kwa pamba na sifa, yale mafuta ya samaki. Sikusikia hatua. Pigo la kwanza nililikinga kwa mkono. La pili nililikwepa, panga likaingia ubao wa ubavuni, juu kidogo ya mstari, likanasa. Akalivuta, likakataa. Nikamrukia kwa nyundo ya mbao nikampiga goti, akaanguka, nikamkalia kifuani, damu yangu inamwagikia usoni mwake. Nyundo nilikuwa nimeiinua, Mwaija. Nilikuwa namwua.

Akanipigia kelele, "Wewe unajua mashua, mimi najua jembe! Mbona hukuniambia nisisimame mbele ya mkwe?"

Nikamwambia nilimwambia. Niliandika.

"Uliandika nini?"

"Niliandika ndani ya mashua hakuna mkwe."

Akanitazama. "Mwaija alisoma karatasi yote. Kibuyu alisoma. Omo alisoma. Mikono ndani alisoma. Alisoma watu wasisimame, nami nilikaa. Lakini mkwe? Hilo halikuwamo, shemeji. Lingekuwamo ningefumba macho nikakaa."

Hayo ya kufumba macho niliyaandika mimi, naye ameyasema bila kusomewa. Nyundo niliiweka chini.

Sasa ujue lile nililokuficha, maana yeye mwenyewe ameniambia nikuandikie. Mama alisukumwa wa mwisho. Aliangukia magotini mwa Rehani, uso kwa uso, ushungi umeanguka, kichwa wazi. Rehani akafanya alivyofundishwa tangu mtoto: akasimama, akamgeuzia mgongo. Nikapiga kelele kaa. Alisimama hivyo hivyo mpaka tukafika kina kirefu, mashua ikayumba. Alisogea hatua moja kushoto ili asimguse, mbuzi wakamfuata, watu wakawafuata mbuzi. Nilikuficha kwa sababu ni mumeo na baba wa mtoto wako, na nilidhani alijua akapuuza. Yeye alidhani nilijua hatari hiyo nikaacha kumwambia. Ulipompa ule ujumbe wangu, kwamba sina neno naye, aliona ninamsamehe kwa kosa ambalo mimi ndiye niliyelisababisha.

Tumemfunga goti. Yuko hapa, analala jikoni, anamsaidia Mwanaidi kukoboa. Akipona atarudi kwako. Sijamwambia kitu zaidi.

Sikuulizi swali, mdogo wangu. Ile karatasi unayo wewe. Ichome.

Mbwana


Handeni
14 Julai 1974

Kaka Mbwana, shikamoo, shikamoo tena.

Fatu ameanza kucheka. Kofia imefika, ni kubwa, atakua nayo. Shangazi kifua kimeachia. Rehani amefika Jumatano, anachechemea.

Karatasi sikuichoma. Nimekaa nayo tangu Machi chini ya godoro, na kila mara nilipokuandikia matusi nilikuwa naikalia.

Siku ile nilisoma vizuri mpaka kwa Yordani na mamba. Nikashuka chini, nikaona pale ulipoandika magoti. Ilikuwa siku tatu tu tangu amtoe Mama motoni ndani ya mkeka asimguse, na watu walikuwa bado wanakuja kumsifu. Mama yuko nyuma ya mlango anasikia kila neno. Mimi nimwambie mume wangu, mbele ya Mama, kwamba magoti yao yagusane? Ulimi ulikataa. Nikasema moyoni nitamwambia baadaye, tukiwa wawili. Nikasema kwa sauti, "Na anawasalimu sana," nikaikunja. Baadaye nikaona haya tena. Nikajiambia watavuka safari mbili, wewe ulikuwa umepanga. Nikakuandikia kwamba nimesoma yote.

Nilipokuuliza kama ulimpiga Mama mikono, nilikuwa natafuta mtu. Nilitaka sana awe wewe.

Jana nimemsomea Rehani. Nilimweka mtoto kwa shangazi, nikafunga mlango, nikasoma maneno yako kama yalivyo, na magoti. Akaniambia nisome tena. Nikasoma mara tatu. Akachukua mchi, akaupiga ukuta mpaka udongo ukabomoka na fito zikaonekana, nami nimesimama pale pale nangoja zamu yangu. Hakunipiga. Mchi ulimtoka, akakaa sakafuni, akasema, "Kumbe aliniambia." Akarudia hivyo mpaka jua likazama. Sijui kama atabaki nami. Sijamwuliza, na nikimwona anatazama mlango najua ni haki yake.

Watakapokuita, nitakuja kusema haya mbele yao, nikiwa na karatasi yenyewe mkononi. Lakini kwanza tunakuja kwenye kaburi la Mama, Jumamosi tarehe ishirini na saba, sisi watatu. Rehani alitaka tuzunguke darajani. Nimekataa. Usilizibe lile tundu la panga kabla sijaliona, mradi liko juu ya mstari.

Fatu nimemzibia kibuyu kidogo kwa nta. Mimi nitakanyaga katikati, na nitakaa pale utakaponikalisha.

Mdogo wako,
Mwaija